Harufu ya Kinywa cha Kaka Yangu

Jumatatu, tarehe nne Agosti. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito na baridi yenye unyevunyevu, na mabati ya jukwaa yalikuwa yakidondosha maji kana kwamba mvua imenyesha, ingawa haikunyesha. Asubuhi kama hiyo siipendi kazini. Harufu haipandi juu ikapotea. Inatambaa chini, inaganda kwenye aproni, na ukifunua ndoo ya maziwa inakupiga yote kwa mkupuo.

Kazi yangu ni kunusa maziwa. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Kituo chetu kinapokea maziwa ya wafugaji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Kila mfugaji anaweka ndoo yake jukwaani, mimi nafunua mfuniko, nainamisha uso, navuta pumzi mara moja, na nasema "pita" au "rudi". Najua ng'ombe aliyekula vitunguu. Najua ndoo iliyofunikwa ikiwa bado na maji ndani. Najua mkono ulioshika mkia kabla ya kushika chuchu. Nikiwa na shaka, nachanganya maziwa kidogo na spiriti kwenye kikombe cha kioo, na yakikatika yanarudishwa. Lakini mara nyingi spiriti inakuja kuthibitisha tu kile ambacho pua imeshasema. Kwa miaka kumi na tisa wananiita Pua. Hata mama yangu akipiga simu kazini huuliza, "Pua yupo?"

Nilijivunia jina hilo. Mungu anisamehe, nilijivunia kuliko nilivyopaswa.

Baba mdogo alikuja jukwaani saa mbili, mstari ukiwa bado mrefu. Ni mdogo wake marehemu baba yetu, na tangu baba afariki yeye ndiye mwenye kauli katika ukoo. Ana kawaida ya kuchokoa meno kwa njiti ya kiberiti hata kama hajala, na akipata kitu anakitazama kwanza, halafu anakirudisha mdomoni.

"Mwanangu," alisema, "ukimaliza na hao ng'ombe uje nyumbani. Kuna kinywa kimoja nataka ukifunue mfuniko."

Wafugaji wakacheka. Nami nikacheka. Nilijua anasema kinywa cha nani.

Kaka yangu mkubwa tunamwita Breki. Alikuwa dereva wa lori la maziwa la kituo chetu, na jina alilipata kwa sababu alikanyaga breki hata kuku akiwa bado ng'ambo ya barabara anafikiria kuvuka. Wiki mbili kabla ya siku hiyo aligonga nguzo ya geti akienda mwendo wa mtu anayetembea. Aliposhuka aliyumba. Aliwajibu walinzi kwa ulimi mzito, akamwita msimamizi wetu kwa jina la mwalimu aliyetufundisha darasa la pili. Msimamizi akamsimamisha kazi palepale. Zahanati ikatazama macho yake ya njano na tumbo lake lililojaa, ikaandika kwenye karatasi: ugonjwa wa ini, apelekwe hospitali kubwa, aulizwe habari za pombe.

Ukoo wetu ulisoma mstari wa mwisho tu.

Sisi ni watu wa sala. Nyumbani kwetu pombe haiingii hata ndani ya dawa ya kikohozi, mama husoma kwanza maandishi ya chupa. Na hospitali kubwa iko mwendo wa saa tatu kwa barabara mbovu, ambayo mgonjwa wa aina ile hawezi kuipita akiwa amesimama kwenye basi. Gari la kumlaza lilikuwa moja tu katika ukoo, pikapu ya baba mdogo. Baba mdogo alikuwa ameshasema habebi mlevi kwenda kuwadanganya madaktari. Atubu kwanza mbele ya watu, ndipo gari litawashwa. Breki akasema hana cha kutubu kwa sababu hajawahi kuonja. Hapo ndipo ukoo ulipokumbuka kwamba una pua.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imevimba hadi viatu havikuingia, shati limefunguliwa kwa sababu halifungiki. Kitovu chake kilikuwa kimetokeza nje kama kifundo. Ngozi ya tumbo iling'aa. Sikupenda kuitazama. Mama alikuwa amesimama dirishani, na wifi yangu, mkewe Breki, alikuwa amekaa sakafuni akimfuta kaka vidole vya miguu kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Pua," Breki alisema, akitabasamu kwa shida. "Leo na mimi nimefika jukwaani."

"Toa pumzi kwa nguvu," nikamwambia.

"Ukikuta vitunguu usinirudishe. Nimelishwa na huyu hapa chini."

Wifi hakucheka. Niliinama nikavuta pumzi mara moja, kama kazini.

Kilichonifikia sijui nikieleze vipi bila kukutia kinyaa, na sitaki kukukinga nacho. Kilikuwa kitamu, na huo utamu ndio uliokuwa mbaya. Kilikuwa kama matunda yaliyosahauliwa ndani ya mfuko uliofungwa, pamoja na tambara bichi, na chini yake kabisa kama kitu cha panya. Mate yalinijaa. Nilitamani kutema, na aliyekuwa mbele yangu ni kaka yangu aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikiwa na miaka mitano.

Hii ni sehemu ambayo lazima niiseme sawasawa. Haikuwa pombe. Mimi nashika spiriti kila siku ya Mungu, naijua inavyouma puani na kuondoka. Ile haikuuma wala haikuondoka. Sikuijua. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kufunua ndoo nikasema sijui, na sasa baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na njiti yake, na mama ananitazama, na nikaona kwamba nikisema sijui, Pua ameishia hapo.

"Kimechacha," nikasema.

"Nini kimechacha?" baba mdogo akauliza.

"Kitu kilichokaa ndani."

"Kama pombe ya kukaa?"

"Inaweza kuwa."

"Mwanangu, maziwa huwa unasema yanaweza kuwa? Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo," nikasema.

Breki alinitazama kwa yale macho ya njano. Hakukasirika. Akasema polepole, "Rudi," kama ninavyowaambia wafugaji, akalala ubavu akaugeukia ukuta.

Wifi alisimama na kitambaa chake. "Wifi, miaka ishirini na moja nalala kando ya mtu huyu. Wewe umenusa mara moja."

"Mara moja inatosha," baba mdogo akamjibu kwa niaba yangu. Nami nikamwacha anijibie.

Mchana huohuo baba mdogo alipekua nyumba akitafuta chupa. Alilala kifudifudi akaingiza mkono chini ya kitanda. Alipekua banda la kuku akatoka na mavi kwenye kiwiko. Alichopata ni chupa za soda, nyingi, maana Breki alikuwa anakunywa soda tatu nne kwa siku barabarani, dereva anayeogopa usingizi. Baba mdogo alizinusa moja moja akizigeuza juu chini, akizamisha pua ndani ya midomo ile iliyoshikwa na midomo ya watu, na alipokosa alichokitaka akasema mlevi mjanja huosha chupa. Kisha akaamuru Breki ahamishiwe stoo ya nyuma, asipate mtu wa kumletea kinywaji kwa siri. Aliwekwa godoro kati ya magunia na jembe. Akapewa uji na maji. Ijumaa saa kumi alasiri atatolewa atubu mbele ya familia, majirani na msimamizi wa kituo, ndipo gari litawashwa.

Usiku wangu wa Jumatatu sitaueleza. Nitasema tu kwamba nilipiga magoti nikashindwa kuanza. Kila nilipofumbua mdomo kumwomba Mungu, nilihisi mdomo wangu ndio uliokuwa unanuka.

Jumatano jioni nilikwenda darasani. Jioni tatu kwa wiki nasoma masomo ya sekondari na watu wazima wenzangu katika shule ya msingi, tukikaa kwenye madawati ya watoto huku magoti yakigonga mbao. Mwalimu wetu wa baiolojia ni kijana mwembamba ambaye hutuita wazazi hata akitukaripia. Siku hiyo alikuja na ndoo ya plastiki yenye maji na mfuko uliolowa damu.

"Wazazi, leo tunasoma ini," alisema. Akatandaza gazeti na kuweka vipande viwili. Kimoja kilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, kimekaza. Kingine kilikuwa cha manjano kama udongo, kimevimba pembeni, na alipokikata kisu kikatoka na utelezi mweupe. "Hiki mchinjaji amenipa bure, nani atakinunua? Angalieni."

Alikitupa kile cha kahawia ndani ya ndoo. Kikazama. Akakitupa cha manjano. Kikaelea. Akakisukuma chini kwa kidole, kikapanda tena, na juu ya maji pakatanda duara la mafuta linalometameta kama mchuzi uliolala. Fundi cherehani aliyekaa kando yangu alifunika mdomo kwa leso.

"Hayo ni mafuta ndani ya ini," mwalimu akasema. "Na kabla hamjaanza maneno yenu, ng'ombe huyu hakuwa mlevi."

Darasa zima likacheka. Mimi nilitazama kile kipande kikizunguka taratibu ndani ya ndoo na nikahisi jasho chini ya nywele.

"Mwalimu," nikauliza, "na binadamu?"

"Binadamu pia. Wapo wanaojaza ini kwa pombe, na wapo wanaolijaza bila kugusa tone. Wengine kwa uzito na sukari. Wengine wamezaliwa na mwelekeo huo, wanaurithi kama unavyorithi umbo la masikio. Mama, wewe unatoka jasho. Kipande kimekushinda?"

"Kimenishinda," nikasema.

Bahati, au tuseme Mungu, ilipanga kwamba Ijumaa ilikuwa zamu yangu ya kupimwa afya. Sisi tunaoshika chakula cha watu tunapimwa kila mwaka. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu, anayeongea huku akiandika. Nilimwomba anitazame na ini kwa ile mashine ya picha. Akauliza kwa nini, nikamwambia nina hofu tu. Akanipaka uteute wa baridi tumboni, akasogeza kifaa chake chini ya mbavu. Akasogeza tena.

"Unakunywa pombe?"

"Sijawahi."

"Hata kidogo? Hapa hatuko kanisani wala msikitini, mama."

"Hata kidogo, daktari. Mungu ni shahidi wangu."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Mimi ni mwembamba, aproni ya kazini inanizunguka mara mbili. Akageuza kioo ili nione. Sikuona kitu isipokuwa ukungu mweupe.

"Huo weupe ni mafuta," alisema. "Ini linatakiwa liwe na kijivu kama hiki cha figo hapa. Lako linang'aa. Bado ni mapema, usiogope. Nyumbani kwenu kuna mwingine mwenye shida ya ini?"

Nikamwambia kuhusu Breki. Aliposikia tumbo na macho, aliweka kalamu chini. Akaniuliza na wengine. Nikaanza kuwataja, na kadiri nilivyotaja ndivyo sauti yangu ilivyopungua. Baba, aliyekufa tumbo limejaa maji tukaambiwa amelishwa sumu. Shangazi, dada yake baba, aliyegeuka njano akiwa mtu mzima ambaye maisha yake yote alikunywa chai tu. Daktari alichora miduara na mistari nyuma ya fomu yangu, akatia wino kwenye wale niliowataja, na katikati ya karatasi nikaona ukoo wetu umesimama pale kama ndoo kwenye mstari.

"Sikiliza," alisema. "Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba, moja ya mama. Kuna jeni inayosaidia ini kuyaondoa mafuta yake. Watu wengine nakala yao ina badiliko dogo sana, kama herufi moja iliyokosewa kwenye kitabu kizima, na mafuta yanabaki ndani. Ukirithi nakala moja kama hiyo, hatari inapanda. Ukirithi mbili, inapanda zaidi. Si jeni hiyo tu, zipo nyingine zinazojulikana. Mtu anaweza kuwa mwembamba, hanywi, na ini linajaa. Kisha ongeza sukari nyingi, ongeza miaka, kwa wengine makovu yanaanza, ini linakakamaa."

"Kwa hiyo ni damu ya baba."

"Sijasema hivyo. Mama yako anaweza kuwa na nakala yake bila kuugua hata siku moja. Na hapa hatupimi jeni, kwa hiyo siwezi kukuapia. Nasema tu kwamba mchoro huu hauonyeshi kilabu cha pombe. Na si hukumu. Wengi wanazaliwa nayo na hawafiki alikofika kaka yako."

Nilivuta pumzi. Nikamweleza ile harufu. Nilimweleza kama ninavyoeleza maziwa, tabaka kwa tabaka, utamu, tambara bichi, panya. Daktari aliacha kuandika kabisa.

"Nani alimnusa?"

"Mimi. Nilisema ni pombe."

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. "Hiyo ni harufu ya ini lililoshindwa," alisema. "Uchafu ambao lingeuchuja unazunguka mwilini na kutokea mapafuni. Anachanganya majina? Analala mchana? Ulimi mzito?"

"Vyote."

"Basi uchafu huohuo umefika kwenye ubongo. Anaonekana mlevi kwa sababu hiyo. Kuna dawa, sharubati ya kumfanya aende choo mara kwa mara, nayo inaweza kumrudishia akili ndani ya siku chache, na maji ya tumboni yanatolewa. Lakini akiachwa hivihivi anaweza kulala asiamke. Yuko wapi sasa?"

"Stoo," nikasema.

"Stoo," akarudia yeye, akaanza kuandika barua ya rufaa kwa haraka, kalamu ikitoboa karatasi.

Nilifika nyumbani nyuma ya baiskeli ya kukodi saa kumi na robo. Walikuwa wameshaanza. Viti vya plastiki vilipangwa nusu duara uani. Baba mdogo katikati, msimamizi wa kituo kulia kwake akiwa na kofia magotini, majirani wawili, mama. Breki alikuwa amesimamishwa mbele yao. Wifi alimshika kwapa. Siku nne za stoo zilikuwa zimemmaliza. Uso umenywea, tumbo limezidi, suruali imefungwa kwa kamba, na mbele yake pametapakaa alama ya mkojo uliokauka. Nzi walikuwa wakitua pembeni mwa mdomo wake naye hawafukuzi. Mikono yake, alipoinyoosha kujishikilia, ilipigapiga hewani kama mtu anayeita kuku. Na ile harufu ilikuwa imetoka hadi uani. Majirani walikuwa wamevuta viti nyuma.

"Sema tusikie," baba mdogo alisema.

"Nilikunywa," Breki akasema.

Mama alifunika uso.

"Ulikunywa nini?"

"Mnataka nini? Nilikunywa hicho."

"Wapi? Taja mahali."

Breki alifikiri kwa bidii, mdomo wazi. "Darasa la pili," alisema.

Jirani mmoja alicheka. Msimamizi naye akacheka kidogo, akajikohoza. Baba mdogo akatabasamu na njiti yake kwenye meno, na mimi nikaona meno yale, na mate yaliyong'aa kwenye njiti, na vinywa vyote vile vilivyofunguka kumcheka mtu anayekufa, na kilichonichukiza zaidi katika ua ule wote ni kwamba mimi ndiye niliyewapa ruhusa.

"Mkalisheni," nikasema. "Hajanywa. Wifi, mkalishe."

"Wewe tena," baba mdogo akasema. "Si wewe uliyenusa?"

"Nilinusa nikadanganya. Nilinusa kitu nisichokijua nikaona haya kusema sijui."

"Pua haioni haya, mwanangu. Umemhurumia tu."

"Baba mdogo, nimetoka kupimwa. Mimi mwenyewe ini langu lina mafuta." Nilimpa fomu, yeye akampa msimamizi kwa sababu hakuja na miwani. Msimamizi akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Ni kweli," msimamizi akasema. "Imeandikwa hapa, ini lenye mafuta, hatumii kileo. Na huku nyuma kuna mchoro."

"Basi na wewe unakunywa," jirani akasema.

Nikamwendea yule jirani, nikainama mbele ya uso wake na kumpumulia. Alirudisha kichwa nyuma. "Nusa," nikamwambia. "Ndivyo tunavyofanya katika ukoo huu. Nusa uwaambie."

Hakuna aliyecheka.

Nikawaeleza yale ya daktari, kwa maneno niliyoweza. Nakala mbili. Herufi moja iliyokosewa. Uchafu unaotokea mapafuni na kupanda kichwani. Nikamtaja shangazi. Nikamtaja baba. Nilipomtaja baba, mama aliondoa mikono usoni.

"Baba yenu hakulishwa sumu," alisema. "Na hakunywa. Alinuka hivihivi miezi miwili ya mwisho, nami nikampeleka kulala chumba cha nje kwa sababu sikuweza kuvumilia. Watu waliposema anakunywa kwa siri nikanyamaza, kwa sababu nikisema alinuka bila kunywa, wangesema ni mimi niliyemtia kitu. Na wewe, shemeji," akamgeukia baba mdogo, "ulilisema hilo la pombe kabla ya kaburi lake kukauka."

"Nilisikia kwa watu."

"Watu walisikia kwako."

Baba mdogo alitoa njiti mdomoni. Safari hii hakuitazama, aliitupa.

"Daktari amesema ndugu wa damu wote wapimwe," nikasema. "Wewe ni mtoto wa tumbo moja na baba na shangazi."

Mkono wake ulishuka wenyewe ukagusa ubavu wa kulia, chini ya shati, kama mtu anayetafuta kama kitu chake bado kipo mfukoni. Nilipaswa kumwonea huruma. Sikuona huruma. Nilijiona mimi mwenyewe ndani yake, mtu anayeshikilia neno lake kwa sababu ameshalisema mbele ya watu, na nikachukizwa nasi wote wawili kwa pamoja, sawasawa.

"Mimi nimesimama mbele ya watu hawa," alisema hatimaye, sauti imeshuka, "nikasema mtoto wa kaka yangu ni mlevi. Nimemwita msimamizi wake aje asikie. Sasa nikiwasha gari, nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu," nikasema. "Maneno hayo yalitoka kwangu. Nitayarudisha mimi."

Breki, kwenye kiti, alikuwa ameanza kusinzia, kidevu kimeanguka kifuani. Wifi alimpigapiga shavu, akamwita jina lake, si Breki bali jina lake la kweli, na hakuitikia hadi mara ya tatu. Baba mdogo aliona. Aliingiza mkono mfukoni akatoa funguo, akazishika bila kumpa mtu.

"Liseme hapa," akasema. "Mbele yao. Litamkwe."

Msimamizi alivaa kofia, halafu akaivua tena akasimama. Majirani nao wakasimama. Ile harufu ilikuwa imenijaa mdomoni na puani, nami nikaivuta ndani yote bila kugeuza uso, kwa sababu ni ya kaka yangu. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo anipe sauti tu, si zaidi. Kisha nikasema:

"Kaka yangu hajanywa pombe maisha yake yote, na mimi nilijua nilichonusa si pombe nikasema ni pombe. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi sita kwamba leo hii nitapanda nyuma ya gari hilo na yeye, kichwa chake mapajani mwangu, na sitatoka wodini kabla hajaniita kwa jina langu. Na kila nyumba iliyosikia kwamba ni mlevi nitakwenda kwa miguu yangu, nigonge mlango, niwaambie aliyedanganya ni mimi."

Baba mdogo alitembea kwenda kwenye gari.